Saa Nne ya Wageni

Kila mtu pale lojini alimwita Shangazi, kuanzia Meneja hadi mgeni aliyefika jana, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kusahau ni nani aliyeanza. Kazi yake ilikuwa kufua. Kwa miaka kumi na mmoja alilala katika chumba cha nyuma ya mashine za kufulia, chenye kitanda, ndoano tatu za nguo na dirisha lililotazama kamba za mashuka. Ng'ambo ya kamba kulikuwa na malisho, kisha vilima vya mchanga, kisha bahari, ambayo aliisikia kila siku na kuiona kwa nadra.

Loji ile ilivuma kwa jambo moja: mgeni alikaribishwa pamoja na mbwa wake. Watu walitoka mijini wamechoka, wakalala hadi jua likawa kali, wakatembea ufukweni, na mbwa wao wakakimbia hadi ndimi zikaning'inia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Ila wahenga hawakufua mablanketi yaliyojaa manyoya.

Kutoka pale hadi barabara ya lami ni kilomita kumi na nane za vumbi, na gari lilikuwa moja tu. Lilitoka wageni walipolitaka. Siku kaka yake alipozikwa, gari lilikuwa limekwenda kupokea wageni wenye mbwa wawili. Shangazi alifika nyumbani kesho yake, akakuta viti vinarudishwa kwa majirani. Hakulia mbele ya watu. Aliporudi kazini alimwendea Dereva na kumwambia, "Nifundishe."

Dereva alimfundisha malishoni, jioni baada ya jioni, kwa mizaha mingi. "Shangazi, hiyo ni klachi, si jiwe la kusugulia miguu! Ikanyage kwa adabu." Sasa Dereva mwenyewe alikuwa anaacha kazi mwisho wa mwezi, na Meneja alikuwa amesema waziwazi: Shangazi akipata leseni, gari ni lake, asipopata, Jumatatu analetwa mtu mwingine. Mtihani ulikuwa umeshampita mara mbili, mara zote mbili kwa sababu ya mbwa wa watu. Ungempita mara ya tatu, fomu yake ingefutwa.

Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi hiyo, saa sita mchana. Gari lingeondoka saa nne na nusu.

Saa mbili asubuhi alipeleka taulo nyumba namba tano. Waliokaa humo walikuwa mume na mke kutoka mbali, watu wapole, waliojifunza Kiswahili kitabuni na kukitamka kana kwamba kila neno ni yai. Mbwa wao alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na mwendo wa kujivuna, na wafanyakazi walimwita Mheshimiwa. Mlangoni palibandikwa kanuni ya loji: MBWA HAACHWI PEKE YAKE. Mwaka uliopita mfanyakazi mmoja wa vyumba aliipuuza, mbwa akararua godoro, na jioni ile ile yule dada akafungashwa virago.

"Shangazi, samahani sana," alisema mke. "Sisi tunataka kwenda kutazama ndege mahali mto unaingia baharini. Mbwa hawaruhusiwi huko. Wewe unaweza kukaa na yeye?"

"Mnarudi saa ngapi?"

Mume alitazama saa ya mkononi. "Saa nne. Saa nne kamili."

Shangazi alipiga hesabu upesi. Saa nne wamerudi, nusu saa ya kuoga na kubadili nguo, safari. "Hakuna shida," akasema. Ndivyo walivyofundishwa kumjibu mgeni, na neno lilimtoka kama kwikwi.

Akaketi. Mheshimiwa akamlalia miguuni. Kila Shangazi aliposogea, mbwa aliinua kichwa. Alipogusa kitasa, mbwa alipiga yowe kama mtu aliyefiwa. Mpishi alipita dirishani akicheka.

"Makubwa! Umekuwa yaya wa mbwa?"

"Afadhali yeye, hasemi umbeya. Njoo unipokee dakika kumi nikaoge."

"Mimi? Huyo jana kanionyesha meno yote, hata magego. Niache nife kwa ajali yangu mwenyewe."

Saa nne ikafika. Hapakuwa na mtu njiani. Ikafika na dakika tano, na kumi. Ili asitazame ukuta, Shangazi akasoma karatasi ambayo wageni walikuwa wameiacha mezani, maandishi makubwa ya kitoto: *Saa nane, chakula cha asubuhi. Saa moja, chakula cha mchana. Saa nne, sisi tunarudi.*

Akacheka peke yake. "Mheshimiwa, kwenu asubuhi inaanza saa nane?"

Kisha akaisoma tena. Wale watu walikuwa wanasema kile kilichoonyeshwa na mshale wa saa. Nane yao ni saa mbili. Moja yao ni saa saba. Na nne yao ni saa kumi jioni.

Alinyakua simu ya chumbani akampigia Meneja.

"Pole, Shangazi," alisema Meneja. "Lakini kanuni unaijua. Mbwa haachwi."

"Mtihani wangu je?"

"Mitihani haiishi duniani."

Simu ikakatwa. Huko nje honi ya Dereva ililia mara moja. Shangazi alisimama katikati ya chumba kile kizuri, chenye mito sita kitandani na picha ya ufuko ukutani, akaona kuta zinamsogelea. Honi ikalia tena. Akaitazama kanuni mlangoni, akaisoma polepole kama aliyeambiwa atie sahihi. Mbwa haachwi peke yake. Haikusema mbwa hatoki.

Dereva alimwona anakuja na ndala miguuni, viatu mkononi, na mbwa kwenye kamba. "Yallah! Na Mheshimiwa naye anafanya mtihani?"

"Ondoa gari kabla sijarudiwa na akili."

Mbwa alitapika mara mbili njiani. Shangazi alifika uwanja wa mtihani ananuka matapishi, na karani aliita jina la kwenye fomu mara tatu kabla hajakumbuka kuwa ni lake. Alipomkabidhi Dereva kamba, Mheshimiwa akaanza yowe. Watu wakageuka.

"Mbwa wa nani huyo?" aliuliza mkaguzi.

"Wa wageni," alijibu Shangazi, akaingia garini na kupandisha kioo.

Yowe lilimfuata kila kona. Alirudi kinyumenyume kati ya nguzo, akapanda kilima, akasimama pasipo kuteleza, huku jasho likimtiririka mgongoni. Mkaguzi aliandika, akang'oa karatasi, akampa. "Umefaulu, mama. Sasa kamnyamazishe yule."

Njiani kurudi Dereva alikaa pembeni na kumwachia usukani. Mbwa alilala kiti cha nyuma. Simu ya Dereva ikalia: Meneja. Dereva akamshikia Shangazi sikioni. Mpishi alikuwa amekwisha kusema.

"Mbwa yuko wapi?"

"Hapa, amelala."

"Saa kumi awe chumbani, la sivyo usirudi kabisa." Kisha akauliza, "Na leseni?"

"Nimefaulu."

"Basi kesho alfajiri una wageni sita wa kuwafuata mjini. Na mbwa wanne. Jumamosi vilevile. Jumapili nitakwambia."

Lami iliishia kwenye njia panda. Kushoto ilianza barabara ya vumbi ya kwenda lojini. Kulia, mwendo wa saa mbili, kulikuwa nyumbani kwao. Shangazi alisimamisha gari. Tangi lilikuwa limejaa, karatasi ilikuwa mfukoni, na usukani ulikuwa wa moto viganjani mwake.

Dereva alimtazama. "Shangazi, mbona tumesimama?"

Shangazi alikaa akiitazama ile barabara ya kulia hadi lori lililokuwa nyuma likapiga honi.

"Huyu mbwa ni wa watu," akasema, akawasha taa ya kushoto.