Saa Moja na Robo hadi Dar

Majuzi mjini Masasi niliingia kwenye ofisi ya tiketi za ndege, moja ya hizi zilizochipuka tangu tuambiwe biashara ni huria. Ukutani pana bango: "Masasi–Dar, saa moja na robo tu!"

Mbele yangu alikuwa mama wa Newala, mumewe kalazwa Dar. Karani, kijana wa tai, hata shikamoo hakumpa.

"Mwanangu, nitafika kwa mgonjwa baada ya muda gani?"

Karani akagonga bango kwa kalamu. "Husomi? Saa moja na robo."

"Ndege inaondoka lini?"

"Abiria wakitimia."

"Wametimia?"

"Wewe ndiye wa kwanza wiki hii."

Mama akatupia kanga begani taratibu. "Sisi Newala maji tunayafuata bondeni. Tunashuka alfajiri, tunapanga foleni, tunapanda mlima na ndoo kichwani, tunafika nyumbani jua kali. Mtu akituuliza maji yako mbali kiasi gani, hatumtajii muda wa kujaza ndoo."

Akatoka kutafuta lori la korosho liendalo Dar.

Wenye ofisi ile wana tai, wana bango, wana hata kalamu ya kugongea bango. Siku ya nne nilipita tena. Karani alikuwa palepale, anapiga miayo chini ya saa moja na robo yake. Kwa hesabu yangu, mama alikuwa keshakaa kitandani kwa mumewe, anamlisha uji.