Mtambo wa kukausha hewa uliozidisha unyevu nyumba ya harusi, Moroni enzi za mamluki

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Haya yalinikuta mwenyewe, sikusimuliwa na sijaongeza chumvi. Nikikosea mahali ni uzee, si uongo.

Mimi ni fundi wa mafriji, sasa nimestaafu. Nimezaliwa Unguja, baba Mngazija. Miaka ile mamluki wa kizungu wameshika mambo Komoro, nilikuwa Moroni natafuta riziki. Siasa tuziache, uzi huu ni wa unyevu.

Iko hivi.

Mmoja wa mamluki hao alikuwa amepanga nyumba Itsandra, karibu na Moroni. Akaondoka visiwani, vitu vyake vikauzwa. Humo kulikuwa na mitambo miwili pacha ya kukausha hewa ya nyumba nzima. Si kile kidude cha kuweka pembeni mwa kitanda. Huu unakaa darini, una mabomba mapana ya bati yanayokwenda kila chumba. Unavuta hewa yenye unyevu, unaipoza mpaka maji yanadondoka, hewa kavu inarudi vyumbani. Maji yanatolewa nje kwa mpira.

Mmoja ulinunuliwa na tajiri wa karafuu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Nikavuka kwenda kuufunga. Mji ule una mto unapita, maji hayana thamani ya kugombaniwa, mpira nikauelekeza mtaroni. Haukupita muda kuta zikakauka, tajiri ananiita profesa. Nikarudi Moroni kifua mbele.

Wa pili ulichukuliwa na Bi Moinaecha wa Moroni. Mama huyu alikulia Unguja, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili. Alikuwa anamwoza binti yake mkubwa, Echati, na ni ile harusi kubwa ya mji mzima.

Kwa wasiojua: kule Ngazija, kisiwa chenye Moroni, nyumba ni ya mwanamke. Wazazi wanamjengea binti, mume ndiye anayehamia. Na bibi harusi akishaingizwa ndani anatulia humo mpaka sherehe ziishe.

Sasa Echati alikuwa na pumu. Na nyumba aliyojengewa ilikuwa imeota ukungu mweusi kuanzia sakafuni hadi kwenye madirisha.

Mama aliniambia bila kuzunguka: ng'ombe wameshanunuliwa, wageni wengine wanatoka mpaka Ufaransa, harusi haiahirishwi. "Fundi, nikaushie nyumba. Sitaki kumfungia mwanangu ndani ya ugonjwa wake."

Nikaufunga vilevile kama wa Mutsamudu. Fundi yule yule, mtambo pacha. Mpira nikautoa uani, nyuma ya jiko.

Mwanzoni kuta zikaanza kukauka. Halafu unyevu ukarudi. Halafu ukazidi ule wa kwanza.

Wakuu, mvua ilikuwa imekatika kabisa. Kusi linavuma, majani yamekauka, watu wanalia maji. Nyumba moja tu ndiyo inatoka jasho.

Nikapanda darini. Gesi sawa. Kompresa inanguruma vizuri. Nikaangalia mdomo wa mpira pale kwenye mtambo, maji yanatiririka kuliko hata Mutsamudu. Hapo ndipo akili ilipogoma. Maji yote haya yanatoka, kwa nini nyumba haikauki?

Halafu kulikuwa na mjomba wa Echati. Kwa Wangazija mjomba ndiye mwenye sauti kwa watoto wa dada yake, na huyu alikuwa na maelezo yake: mtambo umetoka nyumba ya mamluki, basi lazima unasikiliza watu. Akiingia sebuleni anaongea kwa ishara tu. Siku moja nikakuta kanzu kuukuu imesokomezwa kwenye tundu la kuvutia hewa. Nikafurahi, nikajua mchawi nimemshika.

Nikaitoa. Unyevu palepale.

Sikumlaumu mzee wa watu. Wakati ule kila mtu alikuwa anageuka nyuma kabla ya kutaja jina la mkubwa.

Maji yakazidi unga. Nikawaza chumvi ya bahari, nikawaza mawe ya volkano, hata jicho la mtu nikaliwaza. Nikaanza kujiuliza kama kazi hii naijua kweli. Wakamjaribisha Echati kulala mle, asubuhi akatolewa kifua kimembana, maneno hayatoki. Nilimwona anavyoingizwa garini. Niliumia.

Kesho yake Bi Moinaecha kaniletea chai. Uso umenyong'onyea, lakini akasema, "Angalau kwa maji, fundi, Mungu akulipe."

"Maji gani, mama?" nikamuuliza.

"Ya mtambo wako. Majirani mabirika yao yameshuka, langu halishuki."

Nikaweka kikombe chini. Ngazija haina mito, wakuu. Kila nyumba ina birika la maji ya mvua chini yake, na mdomo wa hili ulikuwa jikoni, ndani. Tukaenda kuangalia. Mfuniko umesogezwa, mpira wangu umerudishwa kutoka uani, umetumbukizwa birikani.

Kumbe mama alikuwa na wageni wa mji mzima wa kuwapikia, na hana mvua. Kuona maji yanamwagika uani kulimshinda. Alidhani mtambo unatengeneza maji.

Basi maji ya birika yanapanda hewani, mtambo unayavuta, unayarudisha birikani, yanapanda tena. Na birika halikushuka kwa sababu nyumba ilikuwa haijapata mkazi wa kuyatumia maji. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamweleza taratibu. Akausukuma mfuniko mwenyewe mpaka birika likafunikwa.

"Maji nitaomba kwa jirani," akasema. "Pumzi nitamwombea kwa nani?"

Nikaziba kingo za mfuniko, mpira nikauelekeza kwenye pipa la nje, maji ya kufulia tu. Ukungu tukaukwangua, tukapaka chokaa. Safari hii nyumba ikakauka kweli. Harusi ilipofika, wanawake wa mtaa walileta ndoo zao bila kuambiwa mara mbili.

Sherehe zinaendelea, nikaitwa kukagua mtambo. Kabla sijafika mlangoni nikamsikia Echati anamgombeza mjomba wake kwa sababu ya kanzu ile. Sauti inafika barabarani. Nikasimama nje nikaisikiliza, machozi yananilenga, sikutaka kuingia kumkatiza.

Funzo nililopata: kabla hujafunga kitu kwenye nyumba ya mtu, muulize anaogopa kukosa nini. Mimi nilijua Bi Moinaecha anaogopa unyevu. Sikujua kwamba ukame anauogopa vilevile.

Nyie wa Tanga, Pemba, Lamu na kwingineko kwenye kuta zinazotoka jasho, mnafanyaje? Na mafundi wenzangu, ni mtambo gani uliwahi kuwavuruga akili namna hii? Semeni, nipo nasoma.