Lango Lenye Jina la Baba

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Baba yangu alitunzwa uwanja. Wakati huo ushirika ulikuwa umekufa, wanunuzi binafsi wa mahindi wamejaa kutoka mjini hadi Laela, na yeye aliyekuwa mtunza ghala wa ushirika amebaki kulima kishamba chake cha Pito. Mfanyabiashara mmoja aliyetajirika biashara zilipofunguliwa akauzungushia uwanja wa mpira ukuta wa matofali. Juu ya lango likaandikwa jina la baba, kwa sababu zamani Sumbawanga nzima ilimsikia redioni akikimbia winga ya kulia ya timu ya taifa.

Tangu hapo hakukosa mechi. Alivaa koti lake kuukuu, akakaa nyuma ya goli huku upepo wa Juni ukimtoa machozi, na alirudi akiwa na maneno tele kuhusu mchezo.

Kisha timu yetu ya mjini ikaanza kufungwa, hata na timu za vijijini. Wachezaji wakaacha kupita langoni, wakawa wanaruka ukuta, viatu vikining'inia shingoni. Hilo halikunishangaza, baba mwenyewe enzi zake aliwahi kuingia uwanjani kinyumenyume kwa agizo la mganga. Kilichonitia hasira ni kujua walichokuwa wanakikwepa. Mganga wao aliwaambia kwamba mtu aliye hai akiandikwa juu ya lango, nyota yake inameza za wanaopita chini yake, na mwenyewe akiwapo uwanjani hata kuruka ukuta hakusaidii.

Nahodha alikuja nyumbani jioni moja na kiongozi wa timu, wakiwa na adabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni."

"Mzee, Jumapili ndiyo mechi ya kupanda daraja. Tulikuwa tunaomba, kama hutajali, siku hiyo upumzike nyumbani."

Nilifungua mdomo niwafukuze, baba akaninyamazisha kwa mkono.

"Wana haki," alisema. "Hata sisi tungeomba hivyo hivyo."

Jumapili hiyo alikaa uani akipukuchua mahindi. Mimi niliomba wafungwe, tena wafungwe vibaya. Lakini kelele za goli zilitufikia mara mbili, na jirani aliyetoka uwanjani akapita akitangaza ushindi.

Baba akaacha kupukuchua.

"Kumbe ni kweli," alisema.

Nilimwona akiamini, na hapo ndipo nilipompoteza. Hakukanyaga tena uwanjani. Hata sokoni alikwenda kwa kuzunguka, asipite mbele ya lango akawaletea watu mkosi. Mwishowe alikataa kupakata watoto wa majirani.

Alipofariki, vijana wa timu walichimba kaburi na kubeba jeneza bila kuombwa. Siwezi kuwanyima hilo. Njia ya makaburini inapita langoni, na tulipoikaribia, yule kiongozi alimsogelea mama, macho chini, akamweleza kwamba kesho yake kulikuwa na mechi.

"Zungukeni," mama alisema. "Hata mwenyewe alikuwa anazunguka."

Tukazunguka.