Gari la Pili

Kamati ya hija ilinipa kazi ya kutengeneza bajeti kwa sababu ninafundisha hisabati. Tulikuwa tunakwenda kwa miguu kutoka Moshi hadi kituo cha hija kilichoko juu ya milima ya Pare, mbele ya Same. Siku sita za kwenda, kisha basi la kukodi la kurudi. Tulioandikisha majina tulikuwa thelathini na wanane, wengi wetu wanawake, wengine wa Pasua ninakoishi, wengine wa Old Moshi nilikozaliwa.

Niliandika chakula, maji, dawa, basi, na sadaka kwa parokia ambazo zingetulaza kwenye madarasa yao. Niliandika kitenge cha sare na ushonaji wake. Kisha magari mawili. La kwanza pikapu ya magodoro na sufuria, ambayo ingetangulia kila asubuhi ili tukute chakula kiko tayari. La pili gari dogo la kutufuata nyuma polepole, kuwachukua watakaoshindwa. Nilipogawanya, kila mtu alitakiwa kutoa laki moja na elfu kumi na nane.

Jumapili hiyo nilipanda Old Moshi kumwona shangazi yangu, dada wa baba. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka tisa. Nilimkuta zizini anamkatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Huko chini hawali?"

Alinipa mtori, akakaa mbele yangu kuhakikisha ninaumaliza. Binamu yangu, mtoto wake wa mwisho, alikuwa amelala chumba cha pili saa nane ya mchana, na harufu ya gongo ilitufikia pale mezani. Alianza kunywa alipoachishwa kazi ya udereva. Alikuwa ameuza baiskeli, koleo, hata bati mbili za zizi.

"Nimemwombea nikiwa nimekaa, haikusaidia," shangazi alisema. "Sasa nataka nikamwombee kwa miguu."

Akaingia ndani, akarudi na pesa kwenye mfuko wa sukari. Elfu tisini. Alikuwa ameuza beberu.

"Ni laki moja na kumi na nane, shangazi."

"Basi punguza. Si wewe unayeandika?"

Nilimkumbusha presha yake. Dawa zake nilikuwa nikimnunulia mimi kila mwezi, kwa hiyo niliijua vizuri. Alicheka. "Nimebeba majani kutoka tambarare mpaka hapa toka sijaolewa. Barabara ya lami ndiyo itanishinda?"

Ningeweza kumwongezea ile elfu ishirini na nane. Mwezi huo nilikuwa naweka vigae sebuleni kwangu na fundi alikuwa ameshanidai mara mbili, lakini pesa ilikuwepo. Niliziweka elfu tisini kwenye mkoba, nikaaga.

Kikao cha kamati kilifanyika Jumatano yake, na nikakuta shangazi si peke yake. Wanawake wengi wa mlimani walikuwa wametuma ujumbe kwamba mchango ni mkubwa. Mwenyekiti akasema tutafute cha kuondoa. Mimi nilitaja kitenge. Kelele zikaanza. Kitenge kilikuwa kimeshachaguliwa, na mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa karibu na soko alikuwa ametupunguzia bei na kupokea malipo ya awali.

"Tukipita Mwanga watatujuaje kama ni mahujaji?" aliuliza mama mmoja. "Watadhani tumefukuzwa kwetu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akashusha kidole kwenye karatasi yangu. "Hili gari la pili, mwalimu. Si pikapu ipo? Mtu akizidiwa tunapiga simu, inarudi."

Katekista mzee akauliza, "Na simu isiposhika?"

"Siku hizi kuna mtandao kila mahali, mzee."

Wote walinitazama. Nikachukua rula, nikapiga mstari juu ya gari la pili, nikagawanya upya. Ilitoka elfu tisini kamili. Walipiga makofi, na nakiri kwamba nilifurahi. Akilini nilishamwona shangazi akishonewa kile kitenge.

Tuliondoka alfajiri ya Jumatatu. Siku ya kwanza tulifika Himo tukiimba. Siku ya pili miguu ilianza kutoa malengelenge, lakini tulifika Mwanga wote. Shangazi alivaa raba za binamu yangu, akaziba nafasi ya mbele kwa vitambaa. Hakulalamika hata mara moja. Njiani aliokota chupa tupu za maji kila alipoziona, akisema zitamfaa kuwekea maziwa.

Siku ya tatu ndiyo iliyotupata. Baada ya Mwanga mti wa kivuli ni wa kutafuta; ni miiba, vumbi na mashamba ya mkonge. Msafara ulirefuka. Waliokuwa mbele, pamoja na muuguzi wetu aliyejitolea, walikuwa wameshapotea machoni. Pikapu ilikuwa imekwenda Lembeni, ambako tungelala, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mimi na shangazi tulikuwa wa mwisho, pamoja na mama mmoja wa Pasua aliyekuwa akichechemea.

Kwenye saa tano shangazi alisimama. Nilimpa maji, yakamtoka pembeni ya mdomo. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa wakati sisi tulikuwa tumelowa jasho. Akaanza kuongea Kichagga, haraka haraka, akaniita kwa jina la baba yangu, akaniambia nifunge mfereji kabla maji hayajaharibu mahindi. Baba alifariki miaka mingi iliyopita. Kisha akaanguka.

Tulimburuta hadi chini ya kichaka cha miiba. Mama wa Pasua alivua kanga yake tukaishika juu yake kama turubai. Nilimpigia dereva wa pikapu. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na tena. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa kwenye foleni ya maji na madumu yetu, simu kaiacha ndani ya gari. Muuguzi hakupatikana. Mwenyekiti alipokea, akasema anamtuma mtu amtafute dereva.

Nikasimama katikati ya barabara kupungia magari. Mabasi yalipiga honi yakapita. Gari moja la watalii lilipunguza mwendo, wakatutazama, likaongeza mwendo. Nafikiri tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Mama wa Pasua alikuwa akisali kwa sauti na mimi nilikuwa nikimkatisha, "Mwagia maji, mama, mwagia maji kwanza," na maji yenyewe yalikuwa yamebaki kikombe.

Lori la vitunguu ndilo lililosimama. Dereva na utingo wake walimbeba shangazi wakamlaza juu ya viroba, nami nikapanda nikamshika kichwa. Alikuwa anapumua kwa kukoroma. Tulipofika hospitali walimpokea vizuri, walikimbia naye, walimtundikia maji. Daktari alikuwa kijana, aliniuliza tumekaa naye juani muda gani. Nilipomjibu aliinamisha macho akaandika. Shangazi alifariki saa kumi jioni bila kunitambua.

Wenzetu walikaa kikao Lembeni usiku huo. Ishirini na wawili wakaamua kuendelea, waliobaki wakarudi nasi kumzika. Sikumlaumu yeyote kwa uamuzi wake.

Tulimzika kwenye kihamba, shamba la nyumbani, katikati ya migomba, karibu na kaburi la mume wake. Binamu yangu alikuja akiwa amenyoa na hakuwa amekunywa. Watu walipotawanyika alinifuata jikoni.

"Dada, gari lenu lilikuwa wapi?"

"Lilitangulia na sufuria."

"Lilikuwa moja tu?"

"Moja."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kusaidia kurudisha viti. Nami nikaendelea kuosha vikombe.

Wiki mbili baadaye kamati ilinitaka nifunge hesabu. Kulikuwa na salio, kwa sababu tuliorudi hatukula chakula cha siku tatu. Mwenyekiti akapendekeza salio liwe rambirambi, wote wakakubali, na mimi ndiye nikatumwa kulipeleka. Nilichukua na karatasi ya bajeti ya kwanza. Nilimwonyesha binamu yangu mstari niliopiga kwa rula, nikamweleza kila kitu: kitenge, elfu tisini, vigae vyangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama alijua gari limefutwa?" aliuliza.

"Nilimwambia. Alisema ni sawa."

"Alisema ni sawa kwa sababu ni wewe uliyemwambia."

Hakuchukua ile bahasha. Nilimwachia dada yake mkubwa. Kufikia mwisho wa mwezi nilisikia amerudia kunywa, na safari hii aliuza hata yule ng'ombe wa mama yake.

Mwaka uliofuata waliniomba bajeti tena. Nilikataa, wakaniomba tena, nikakubali kwa sharti moja: gari la pili liandikwe mstari wa kwanza, lenye muuguzi ndani yake, na lisiguswe. Kitenge kiliondolewa bila mtu kubisha. Hata hivyo mafuta yalikuwa yamepanda, na mchango ulifika laki moja na thelathini. Wanawake kumi na mmoja wa mlimani walijitoa. Nilijitolea kuwalipia wawili. Mmoja wao alikubali, mwingine akaniambia hataki kwenda kwa Mungu kwa pesa ya mtu. Wengine sikuweza kuwalipia.

Tulitembea ishirini na sita, gari likitufuata nyuma na taa zake zikiwaka mchana kweupe. Tulipopita pale kwenye mashamba ya mkonge nilijaribu kukitambua kile kichaka, sikukitambua, vyote vinafanana. Siku ya sita tulifika kituoni, wote wazima. Watu walilia kwa furaha, wakakumbatiana. Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti mbele ya altare nikajaribu kumwombea binamu yangu. Nilirudia jina lake mara kadhaa, kisha nikanyanyuka kwa sababu magoti yaliniuma na nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu.