Mkasi Uliopelekwa Kunolewa

Fundi cherehani huyu hakuwa mtu wa kuchora chaki. Kwa miaka thelathini alitandaza hariri mezani, akaikodolea macho kidogo, kisha akapitisha mkasi mara moja tu, na gauni likatoka limekaa mwilini. Ndiyo maana Mwalimu, rafiki yake wa tangu ujana, alikuja na kitambaa cha gauni la harusi la kitindamimba wake siku walipokwenda watatu kula chakula cha mchana kwenye mkahawa mpya wa Wachina. Aliuweka mfuko wa kitambaa sakafuni, ukagusa kiatu cha Fundi.

Fundi alijua kazi hiyo haiwezi tena. Miezi mitatu sasa mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, na miezi mitatu alikuwa akiwaambia wateja kwamba mkasi umepelekwa kunolewa. Mkasi gani huo wa kunolewa robo mwaka! Leo alikuwa ameapa kumwambia Mwalimu ukweli, lakini alipokaa tu, akaanza kuulizia chakula.

Vikaja vijiti. Uma hakuna mezani. Dereva, yule mwenzao wa tatu, akadondosha tambi kwenye shati. Mwalimu akarusha kipande cha nyama hadi meza ya jirani, wakacheka mpaka machozi. Fundi naye alicheka, moyo ukatulia. Hapa kila mtu ana mikono mibovu.

Raha hiyo haikudumu. Wenzake walizoea upesi, vijiti vya Fundi vikabaki vinagongana hewani.

"Jamani, bingwa wa sindano anashindwa na vijiti!" Dereva alimtania.

"Vijiti gani hivi, vinateleza kama sabuni," Fundi alisema. "Niombeeni uma."

Uma ukaletwa. Aliushika, akauinamisha kwenye bakuli, nao ukaanza kugonga ukingo, ka-ka-ka, ka-ka-ka. Akaubana kwa nguvu, ukazidi. Sasa hakukuwa na kijiti cha kusingizia. Dereva akaacha kutafuna. Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, akauficha mkono chini ya meza, nao ukaendelea kutetemeka hukohuko.

"Chai yao nzuri," Mwalimu alisema bila kumtazama.

Mara Fundi akahisi mfuko unasogea mguuni pake, polepole, ukivutwa kwa ncha ya kiatu.

"Mkasi umesharudi," alisema haraka. "Umenolewa vizuri kabisa."

"Najua, ndugu yangu," Mwalimu alijibu, na mfuko ukaendelea kuondoka.