Majivu Kwenye Bluberi za Baba Mkwe

Mwanangu, nakikumbuka kisa kimoja cha ujana wangu ambacho hata leo, mvi zimeshanijaa, nikikifikiria natazama chini.

Nilikuwa mkamwana mpya huku milimani Ileje. Mimi mtoto wa Mbozi, nimekulia kwenye kahawa, nikajiona najua kilimo kuliko wenyeji. Huku, kama ujuavyo, mkamwana na baba mkwe hawasemezani wala hawatazamani. Neno la mmoja humfikia mwenzake kupitia kwa mama mkwe. Sasa mama mkwe alikuwa ameshuka Itumba kumhudumia binti yake aliyejifungua, na simu ya nyumbani alikwenda nayo. Mume wangu alikuwa Tunduma kwenye malori. Tukabaki baba mkwe na nyumba yake, mimi na yangu, na hakuna mdomo kati yetu.

Nyuma ya jiko baba alikuwa na vichaka vya bluberi, vile vitunda vidogo vya buluu, miche aliyoitoa ng'ambo Zambia. Alikuwa ameitandazia majani makavu ya mipaini, na magugu akiyang'oa kwa mkono. Kwetu kila mmea hulishwa majivu: mgomba majivu, kahawa majivu, mboga majivu. Basi kila asubuhi nikizoa majivu jikoni nayamwaga pale, nikijisifu moyoni kwamba baba ataona amepata mkwe mchapakazi.

Asubuhi moja nikamsikia nyuma ya ukuta akiwakemea kuku. "Nyie kuku! Majivu yenu pelekeni kwenye migomba. Hapa hamtakiwi!"

Kuku wana majivu gani, mwanangu? Hata mtoto angeelewa. Lakini mimi nilishika neno moja tu, "hamtakiwi", nikakumbuka walivyosema wahenga: akufukuzaye hakwambii toka. Nikalia weee, kisha nikakasirika.

Kesho yake nikakuta ameyakwangua majivu yote. Nikaona ni dharau. Nikajaza ndoo nzima, nikamwaga, nikamwagia na maji juu yake ili yazame yasikwanguliwe tena. Nikaendelea hivyo mpaka majani yakawa ya njano, halafu vichaka vikakauka. Naona haya kusema, lakini nilifurahi kidogo.

Mama mkwe aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye vichaka, akainama akagusa udongo.

"Nani kamwaga majivu hapa?"

"Mimi, mama."

"Mti huu unapenda udongo mchachu. Majivu kwake ni sumu." Akavunja kijiti kikavu. "Vichaka hivi baba yako alivipanda ulipochumbiwa. Alisema mkamwana akija akute na yeye ana chake. Vikizaa, vyote vilikuwa vyako."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na kibaya zaidi, nisingeweza hata kumpigia magoti mzee yule nimwombe radhi. Kulipokucha nikachukua konzi ya mahindi, nikasogea karibu na ukuta wake, nikawamwagia kuku na kuwaambia: "Nisameheni. Sikujua, na sikuuliza."

Nikamsikia akikohoa nyuma ya ukuta.

"Kumbe kuku hawa," akasema, "wanasikia."

Mvua zilipoanza nikakuta miche miwili mipya mlangoni pa jiko langu, na rundo la majani ya mipaini pembeni. Bluberi unazokula kwangu ni za miche hiyo, na kila nikizichuma aibu ile hunirudia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukienda kwa wenyewe usiwe na haraka ya kuonyesha unachojua. Kuuliza si ujinga. Na kama wa kumwuliza hayupo, ngoja arudi; shamba la watu halitakufa kwa kukosa majivu yako. Tena mtu akisema na kuku, sikiliza maneno yote mpaka mwisho kabla hujaokota lile linalokuuma.

Nenda salama. Mungu akupe wakwe wenye subira kama yule mzee, na akupe masikio kabla hajakupa ndoo.