Asumini ya Alhamisi

Yule mwanamke alinikataa bombani, mbele ya watu. Posa alikuwa ameileta mwenyewe, kwa ajili ya mwanawe, na kwetu ilikwisha kupokelewa. Nilishaanza kujiona mke wa duka la vitambaa. Kisha akapata habari kwamba baba yangu aliingia Dar es Salaam akiwa mpagazi wa vita, akabaki hapahapa Kariakoo kambi ya wapagazi ilipovunjwa. Wao walikuwa watu wenye asili ya Uarabuni, wenye duka na ukoo wa kutajwa. Hakutuma hata mtu kuja kutuambia. Alikuwa akipita na wenzake, akanikuta na debe la maji kichwani, akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila aliyekuwa akingoja maji, "Sisi tulikuwa tunatafuta mke, hatutafuti wa kubeba mizigo."

Watu wakacheka. Nilifika nyumbani nimelowa nusu mwili. Usiku na mchana nilimwomba Mungu amwonyeshe, na niliomba kwa bidii kuliko nilivyowahi kuomba jambo lolote la heri.

Mama yangu alikuwa akiuza maua. Uani kwetu, nyuma ya vyumba, asumini ilikuwa imetanda ua mzima wa makuti, na kutokana nayo alifunga vikuba vya wanawake kubandika kifuani, na kwa harusi alitoa masinia ya maua ya kutandaza kitandani. Asumini haiwekwi akiba. Tumba huchumwa alasiri, jioni linafunguka, kesho yake limekuwa takataka. Kwa hiyo mwenye harusi alikuja siku kadhaa mapema kuuliza mti utatoa kiasi gani. Mama aliinua tawi kwa mgongo wa mkono, maana kwetu tumba likinyooshewa kidole hudondoka, akayapapasa matumba bila kutamka hesabu yoyote. Yale ya kijani na magumu yalikuwa bado, yale yaliyoanza kulegea na kung'aa ncha yalikuwa karibu. Kisha akasema sinia moja, au masinia mawili na kikapu, na ndivyo ilivyokuwa. Wanawake wa Gerezani mpaka Ilala walipanga harusi zao kwa neno la mama, na yeye, mke wa mpagazi, hakuwa na jina jingine mjini zaidi ya hilo.

Ijumaa moja yule mwanamke akaja uani kwetu. Nilikuwa napepeta mchele. Nikalazimika kusema, "Shikamoo." Akajibu, "Marahaba," huku macho yake yako kwenye mti.

"Bibi," akamwambia mama, "Alhamisi ijayo namwoza mwanangu. Nataka masinia matatu. Nitapata?"

Mimi nilikuwa nimekaa palepale miguuni pake. Hakuona aibu, na nadhani hata hakukumbuka kama kulikuwa na jambo.

Mama aliinua tawi, akapapasa, akaenda tawi la pili, akachukua muda mrefu. "Utapata," akasema. "Yatazidi."

"Nisiagize na kwingine?"

"Kwingine kwa nini, bibi?"

Alipoondoka niliutupa ungo, mchele ukamwagika. "Mama, huna haya? Huyu ndiye wa kumpambia kitanda?"

"Okota mchele," mama akasema.

Nikauokota, lakini sikumsemesha tena. Nilimwona kama mtu aliyeuza uchungu wangu kwa bei ya maua.

Jumapili alasiri nilisikia harufu kabla sijafika uani. Mti ulikuwa mweupe. Jumatatu ulikuwa mweupe zaidi, hata makuti hayaonekani. Mama alikaa kwenye mbuzi akikuna nazi, ameupa mti mgongo, wala hakuchuma hata moja. Yakafunguka, yakageuka rangi, yakaanguka. "Fagia," akaniambia. Nikasogea kwenye matawi kutazama kilichobaki: vitumba vigumu vya kijani, vidogo kama mtama, ambavyo kufika Alhamisi visingefaa kitu. Hapo nikaelewa. Nilifagia ua ule huku naimba, na sijapata kufagia kwa raha namna ile.

Alhamisi yule mwanamke na wenzake walikuja na masinia matupu, na vigelegele tangu njiani. Mama akawapa maua kwenye kisahani cha chai.

"Bibi! Uliniambia yatazidi!"

"Nimekosea," mama akasema.

Wakakimbilia Ilala, wakatuma mtu mpaka Magomeni, lakini kila ua mjini lilikuwa na mwenyewe. Kitanda cha harusi kilitandazwa mrehani, kikanyunyizwa marashi, na wageni waliokula pilau ya watu wakatoka wakiteta. Bibi harusi alilia. Mimi nilipoletewa habari nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sikumwonea huruma msichana yule, na hata leo nikijaribu, haiji.

Kilichonikera ni kwamba yule mwanamke hakujua kuwa ameadhibiwa. Haikumpitia akilini kwamba watu wa namna yetu wangeweza kumtega. Alizunguka mjini akisema tu kwamba mama amechoka, macho yameisha, msimwagize. Wakamsikiliza. Harusi zikaanza kutupita, na mama akaenda kukaa sokoni na ungo wake, bega kwa bega na wauzaji waliopanda asumini juzi tu, akimwuzia yeyote anayepita.

Nikamwambia, "Waambie ulijua. Waambie ulifanya makusudi."

"Watauliza kwa nini," akasema, "na habari ya bombani itaanza upya, na wewe hujaolewa. Waache waseme ni macho."

Basi alizeeka akiitwa mtu asiyejua maua yake mwenyewe. Nilimwona akiamkiwa kwa heshima na wanawake wale wale, kisha wakienda kuagiza kwa mwingine, hatua chache kutoka alipokaa, naye akiwatakia heri.

Sasa mama hayupo, na mimi sina tena wa kunioa wala wa kunicheka. Wajukuu wa yule mwanamke wapo, na wanajua kusoma. Basi wasome hapa: mama yangu aliyagusa matumba yale siku ile ya Ijumaa, akajua yataanguka lini, akamtazama bibi yenu usoni, akamdanganya.